Mhuri wa IMEKAMILIKA

Tandika, Jumatano. Mvua tangu alfajiri, halafu likatoka jua lililofanya madimbwi yafuke mvuke. Mwandiko wangu leo ni mbaya.

Nimemkatalia meneja.

Nimeiandika sentensi hiyo peke yake ili niitazame vizuri. Mimi, ambaye kila jioni hurudi mara mbili kuhakikisha kabati limefungwa. Mimi, ambaye nikisikia jina langu likiitwa kwenye korido huanza kujiuliza nimekosa nini.

Shirika letu linatunza pampu za maji za mikoani. Karakana kuu na ofisi ziko hapa Chang'ombe, vituo vimetawanyika nchi nzima. Huu ni mwaka wa pili niko dawati la ushauri, na dawati lenyewe ni meza moja kwenye kona ya masjala, simu moja na sanduku la kadi. Fundi wa kituo akikwama, anapiga simu. Natafuta kadi, namsomea. Kadi isipokuwepo, nashuka karakana, namuuliza anayejua, naandika, na nakala inakwenda vituo vyote. Kazi yangu yote ni hiyo: anachokijua mmoja kimfikie mwenzake.

Wazo la mhuri lilikuwa langu. Hapo ndipo panaponiuma.

Nilitaka kukumbuka nani nimeshamhoji na nani bado, nikaomba uchongwe mhuri wa mpira wenye neno moja: IMEKAMILIKA. Nikimaliza na fundi, nagonga kadi zake zote. Niliupenda mlio wake. Nilijiona mtu anayemaliza mambo.

Sasa shirika linatafutiwa mnunuzi, na mnunuzi, tunaambiwa, hataki watu wengi. Neno "kupunguzwa" linasemwa kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa. Jana Bwana Kaduma, meneja utumishi, alikuja kulichukua sanduku langu la kadi. Alisema wakubwa wangependa kuliona. Nilifurahi mpaka nikamsimulia shangazi ninayekaa kwake.

Leo saa nne akaniita. Kadi zilikuwa mezani kwake kwa mafungu mawili: zenye mhuri na zisizo na mhuri.

"Kazi safi sana, binti," alisema. "Hawa kumi na mmoja wameshatoa kila walicho nacho. Tuendelee nao wa nini?"

Akanisogezea karatasi. Majina kumi na moja, la kwanza Mzee Shomari wa karakana. Chini yake iliandikwa kwamba ujuzi wa waliotajwa umehifadhiwa wote, na shirika halitapungukiwa na kitu wakiondoka. Kisha mstari wa sahihi. Jina langu lilikuwa limeshapigwa taipu.

Nikaomba muda nisome. Akanipa mpaka saa tisa. Nilipofika mlangoni akaongeza, kwa upole kabisa, "Wala usiogope. Jina lako halimo."

Niliogopa zaidi.

Nimerudi mezani, namkuta Mzee Shomari amekaa kwenye kiti cha wageni na kikombe chake cha bati. Huwa anapanda kunywa chai kwangu kila mvua ikinyesha, kwa sababu paa la karakana linavuja. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza mbona nimepauka. Kabla sijapata uongo wa kumjibu, simu ikalia.

Alikuwa Edmundi, fundi wa kituo kimoja cha bara. Alikuwa karibu kulia. "Dada, injini inakohoa tangu jana. Kadi yenu inasema nirekebishe vali. Nimerekebisha mara tatu! Mji mzima hauna maji, akina mama wamekaa na ndoo zao hapa mlangoni wananitazama mie."

Kadi aliyonayo ni ya Mzee Shomari. Ina mhuri wangu. Niliiandika mwenyewe, kurasa zote mbili, kwa mwandiko bora nilio nao.

Mzee akachukua mkonga wa simu. Akamwambia aiwashe injini na ausogeze wake karibu. Hata mimi niliusikia ule mlio, nikasikia kelele tu. Mzee alisikiliza kidogo, akakitua kikombe.

"Hiyo haikohoi, inapuliza. Zima. Silinda hedi umeifungua lini?"

"Juzi, mzee."

"Ulipoirudisha, bolti umekaza ukianzia wapi?"

"Pembeni. Nikazunguka mpaka mwisho."

"Umezunguka! Unafunga mfuniko wa sufuria, wewe? Bolti unaanza za katikati, unatoka nje kwa kukatisha, kidogo kidogo. Na hiyo gasketi itupe, imeshaungua. Weka mpya. Hao akina mama wasalimie."

Nilimuuliza kwa nini hili la hedi, huo mfuniko wa injini, hakuniambia. Siku ile nilimuuliza kama kuna la zaidi, akasema hakuna.

"Uliniuliza vali, nikakujibu vali," alisema. "Hedi hukuniuliza. Na ungeiulizaje, mwanangu, na wewe hedi hujawahi kuishika? Mie nilidhani kila mtu anajua pa kuanzia."

Hapo nikashindwa kuficha. Nikamweleza habari ya karatasi, na ya mhuri, na kwamba jina lake ni la kwanza. Alicheka. "Kwa hiyo mie nimeshakamilika? Nitamwambia mke wangu leo. Miaka yote ananiambia bado." Akafuta mikono yake kwa kitambaa, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Tia sahihi, mwanangu. Usikose ugali kwa ajili yangu."

Kama angenilaumu, pengine ningetia.

Nimekwenda kwa Bwana Kaduma, nikamwambia kadi zina kosa na nataka kulisahihisha kwanza. Sikumdanganya. Akanipa sanduku bila kuinua macho. Nimekaa nalo saa mbili nzima. Kila palipo na mhuri nimekata kwa wino mwekundu, nikaandika chini yake: Haijakamilika. Aulizwe mwenyewe. Na sahihi yangu. Kadi zote, moja moja. Chakula cha mchana sikula.

Kisha nimefanya jambo ambalo karani wa masjala pekee ndiye angelifikiria. Nimeandika dokezo kwenda kwa Mkurugenzi Mkuu, nikaeleza simu ya Edmundi neno kwa neno, na kwamba kosa la mhuri ni langu. Nimelitia kwenye faili la wazi la dawati la ushauri na kuliwekea namba ya ukurasa, arobaini na saba. Nikaiandika karatasi inayofuata, barua ya kawaida ya kuomba kadi mpya, arobaini na nane. Nikapeleka faili kwa daftari la kusaini. Katibu muhtasi wa Mkurugenzi amelipokea na kusaini. Sasa anayetaka kuling'oa dokezo langu ataacha pengo kati ya arobaini na sita na arobaini na nane, na yeyote atakayelifungua faili lile atauliza kilikuwa nini hapo.

Saa tisa nimemrudishia Bwana Kaduma karatasi yake. Haina sahihi.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa, bwana meneja."

"Unajua naweza kuongeza jina la kumi na mbili?"

"Najua."

Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Lakini ilitoka. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza yake, nadhani aliona.

Nilipofika mezani kwangu, Edmundi alikuwa amepiga tena. Mwenzangu wa masjala alinipokelea ujumbe kwenye kipande cha karatasi: maji yanatoka. Nimekibandika kwenye sanduku la kadi, upande wa mbele.

Shangazi ameshasikia yote. Ameuliza kazi nyingine nitaipata wapi siku hizi. Halafu amenipakulia wali mwingi kuliko kawaida.

Sijui Mkurugenzi atalisoma dokezo lini. Sijui kama karatasi ya Bwana Kaduma itapata sahihi ya mtu mwingine. Naogopa, na kesho saa moja na nusu nitalifungua lile dawati nikiwa bado naogopa.

Jioni hii, kabla jua halijazama, nimechukua kadi tupu nikaandika jina langu juu. Ninachokijua: kutunza faili, kuuliza, kusikiliza simu. Nimeongeza mstari wa tatu: kumwambia meneja hapana.

Mhuri nimerudi nao nyumbani, nimeutia ndani ya droo; kesho utabaki humu.