Wimbo wa Lomeri Haufunguki

Jumatatu, 3 Februari. Lodwar.

Viungo vya mtandao vya leo vimeenda kikundini kabla ya chai. Teknolojia: pampu ya sola ambayo mtu anaweza kuiunda mwenyewe. Utamaduni: kulainisha ngozi ya mbuzi. Elimu: masomo ya hesabu ya bure, kidato cha pili. Mwaka wa nne sasa, kila siku vitatu, hata nikiwa na malaria. Kikundi kina watu wa Lodwar, Kalokol, Kakuma, Kalobeyei. Wengi hawasemi hata asante. Shauri yao.

Furaha wa Kakuma bado ananiudhi. Mkimbizi kutoka Kongo, mwalimu wa kwaya, simu yake kabambe, ya vitufe tu, haifungui mtandao. Ana saa moja kwa siku kwenye kompyuta za kituo cha mafunzo, na saa hiyo yote anaimalizia kunakili viungo vyangu daftarini. Si anwani tu. Anachosoma, anachosikia, kila kitu. Kwa kalamu! Nimemwambia tena leo mbele ya kikundi kizima: kiungo kinatosha, ukikitaka unakifungua. Amejibu, "Sawa, dada." Najua hataacha.

Baba amekunywa uji nusu kikombe. Mwezi wa tatu tangu kiharusi kimnyang'anye mkono wa kulia na sauti.

Jumatano, 5 Februari.

Mungu wangu. Nimempata Baba kwenye mtandao.

Ni hifadhi ya sauti ya chuo fulani cha ng'ambo. Mtafiti alipita Kalokol kabla sijazaliwa, akarekodi wanaume wakiwaimbia maksai wao. Jina la Baba wameliandika ovyo, lakini ni yeye: Apalomeri, mwenye Lomeri, yule maksai wa madoa. Kila mwanamume wa rika lake alikuwa na maksai wake na wimbo wake. Wa Baba sikuwahi kuusikia wote. Mimi nilikuwa bwenini, na nilipomaliza shule ukame ulikuwa umekwisha kula ng'ombe, naye hakuimba tena.

Dakika nne. Nimemwekea simu sikioni. Mkono wa kushoto ukapanda, ukapinda kama pembe ya Lomeri, jinsi wanaume wanavyowaimbia maksai wao. Machozi yakamtoka. Mimi nililia mpaka jirani akachungulia.

Nimeweka kiungo kikundini: "Baba yangu, enzi zake." Wimbo wenyewe sijaupakua. Ukitaka kupakua wanakupa fomu ndefu. Nitaijaza nikiwa kazini. Kwani kiungo kipo, kitaenda wapi?

Jumapili, 9 Februari.

Kila saa nne asubuhi Baba anaitazama simu, kisha ananitazama mimi. Ananyoosha kidevu: weka. Naweka. Anakula sasa, amemaliza samaki mzima.

Fomu bado. Uvivu tu, nisijidanganye.

Alhamisi, 13 Februari.

Haufunguki.

Nilidhani ni mtandao wa Lodwar, tumeuzoea. Nikapanda boda boda hadi ofisini, nikajaribu kompyuta. Ukurasa haupo. Mchana pakatokea tangazo fupi: mradi umefungwa, ufadhili umekwisha, wanawashukuru wasikilizaji. Wanashukuru! Nimewaandikia mara tatu. Imejibu mashine.

Asubuhi Baba alinyoosha kidevu. Nikasema simu haina chaji. Nimemdanganya baba yangu, mtu asiyeweza hata kunijibu.

Ijumaa, 14 Februari.

Nimefungua viungo vyangu vya zamani kuanzia siku ya kwanza. Kimekufa. Kimekufa. Hiki siku hizi kinauza viatu. Kimekufa. Nimeacha nilipofika mwezi wa tano. Miaka minne nikijiona mtu wa maana.

Baba amekataa uji.

Jumapili, 16 Februari.

Nimeuliza kikundini nani aliupakua wimbo. Pole nyingi, mikono ya kuomba. Hakuna aliyeupakua. Mmoja ameandika: "Si wewe humwambia Furaha kiungo kinatosha?" Kweli nilisema.

Na mimi mwenyewe niliusikiliza wiki nzima, sikushika hata ubeti mmoja. Nilikuwa namtazama yeye.

Baba amegeukia ukuta. Muuguzi aliyekuja kumpima amesema tujiandae.

Furaha nilimwacha wa mwisho, kwa aibu. Jioni nikampigia. "Wimbo iko, dada. Iko mu daftari. Na bamama ba kwaya banaijua." Akaanza kuniimbia, simu ikakatakata, Baba hakusikia kitu. Kesho naenda.

Jumatatu, 17 Februari. Kakuma.

Kituo cha mafunzo kimefungwa tangu Ijumaa. Kompyuta zimebebwa, zimebaki nyaya ukutani. Furaha amenipokea mlangoni pake kwa maji ya kunawa. Hata "nilijua" hakusema. Ningekuwa mimi ningesema.

Daftari limechakaa pembe zote. Wimbo wa Baba umo katikati, baada ya hesabu za kidato cha pili na kabla ya namna ya kupika sabuni. Kiturkana hajui zaidi ya ejok, salamu tu. Ameandika silabi kwa sikio, na juu yake mishale: hapa sauti ipande, hapa ishuke. Anasema kwaya yao imezoea. Huimba Kilingala, Kiarabu cha Juba, lugha yoyote. Sikio kwanza, maana baadaye. Aliona nimeandika "baba yangu", akaona ni vizuri wanawake wa kwaya wajifunze.

Sita wamekuja, wakaketi chini ya mabati. Joto la kuua. Maneno mengine yamepondeka, lakini nimeyatambua karibu yote. Wanaimba, narudia, wananicheka, narudia tena. Mpaka jioni.

Sauti ya Baba haimo. Hiyo imekwenda, na aliyeipoteza ni mimi.

Jumanne, 18 Februari. Lodwar.

Nimemwimbia. Sauti yangu ya mbuzi. Hakugeuka.

Ubeti wa pili nikainua mikono yote miwili, nikaipinda. Mwanamke hafanyi hivyo. Nani ananiona? Nikaendelea. Mara kichwa kikageuka. Akazitazama pembe zangu, akacheka. Ulikuwa mkoromo tu, lakini kicheko cha baba yangu nakijua.

Mkono wake haukupanda.

Alhamisi, 20 Februari.

Baba amefariki alfajiri.

Jumapili, 23 Februari.

Tulimzika jana. Watu wamerudi makwao. Nimefagia, nimekunja godoro lake.

Kikundi kinauliza viungo viko wapi. Leo hakuna.

Nimechukua daftari la jalada gumu, nimeandika wimbo wa Lomeri kwa Kiturkana kilichonyooka, mstari baada ya mstari. Kisha nikampigia Furaha, nikamwimbia wote. Mtandao ulikuwa umetulia. Akasema kwenye ubeti wa tatu nimeruka mstari. Akaniimbia huo mstari, taratibu, mara mbili.

Nimeuandika pembeni, nikauchorea mshale.