Haikuwa Malaria

Mlabani, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga,
Ifakara.
16 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Polikarpo,

Habari za Bukoba na mvua zenu zisizojua kiangazi? Kifua chako kinaendeleaje? Wifi Aikande amepata nguvu baada ya kujifungua? Na huyo bwana mdogo Emanuel ananyonya vizuri, au ni mlizi kama baba yake? Sisi huku Mungu anatusaidia. Magoti yangu yanagoma asubuhi, lakini yakishapigwa na jua yanakubali kazi. Shemeji yako Sebastiani ni mzima, anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la pumba, na ukimwambia aende hospitali anajifanya hasikii.

Mpunga tumevuna. Mwaka huu haukuwa mbaya, ingawa sehemu ya chini karibu na mto maji yalikaa sana. Kilo zako za mchele nimeziweka pembeni, na panya hawajaziona bado.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani wakati sote tuna simu. Ni kwa sababu simu yangu huipokei. Ujumbe wa sauti nimekutumia, umeusikiliza, naona alama za bluu, na hujibu. Barua huwezi kuikata katikati. Isome mpaka mwisho, halafu ukasirike ukipenda, mimi ni dada yako, hasira zako nazijua tangu ukiwa unatambaa.

Nianze na kubwa kuliko yote. Mwanao Angelina anaendelea vizuri. Anakula, anatembea, jana ameosha vyombo bila kutumwa. Siku ile nilipokupigia nilikuwa nalia, nikakueleza mambo nusu nusu, nawe ukasikia neno moja tu, dawa za kulevya. Ukasema mtoto wa namna hiyo humtambui, ukakata simu. Sasa ulisikie jambo lote.

Unakumbuka mwezi wa tano tunavyoishi. Mpunga ukianza kuiva, mji mzima unahamia shamba kuamia ndege. Nyumba za Mlabani zinabaki na makufuli na wanafunzi. Watoto wa sekondari wanajipikia, wanajiamsha, wanajilinda wenyewe, na Ijumaa jioni wanatufuata shamba kutusaidia. Sisi tulikua hivyo hivyo na hatukuona ubaya. Lakini wakati wetu hapakuwa na vidonge hivi.

Jumamosi moja Angelina alikuja shamba na rafiki yake wa darasani, Amira, binti wa Mzee Abdulswamad mwenye duka hapa mtaani kwetu. Amira alikuwa hajawahi kupanda dungu maishani mwake, anacheka kila ngazi inapolia. Nikawaacha juu ya dungu wapige kelele za kufukuza ndege, mimi nikashuka kibandani kupika. Niliwasikia wakiimba na kugonga debe, nikafurahi moyoni, nikasema leo nitapumzika koo.

Kilichonishtua ni ndege. Nilikuwa nachambua mboga, nikaona kwelea kwelea wametua juu ya mpunga, kundi zima, wanakula kwa raha zao kama wamealikwa. Debe kimya. Nikasema hawa watoto wameanza kuchezea simu. Nikaenda na hasira zangu zote, nimeshapanga na maneno ya kuwaambia. Nilipofika juu nikamkuta Angelina amelala chali anakoroma, mkoromo mzito wa ajabu, midomo imebadilika rangi. Amira amemshika mkono analia bila sauti. Kabla sijauliza kitu, Angelina akaanza kukakamaa na kutetemeka mwili mzima.

Polikarpo, wewe ungefikiri nini? Mtu wa Ifakara akianguka na kutetemeka, sisi tunajua jibu kabla ya swali. Nilipiga kelele, jamani malaria imempanda kichwani! Na wote waliokuja mbio walikubali. Beatus, yule kibarua wetu anayebeba magunia, alimshusha mgongoni. Mwingine akaenda kutafuta maziwa. Mimi nikaponda vidonge vya mseto vya malaria kwenye kijiko, nikamfungua mdomo nimnyweshe kwa nguvu. Meno yalikuwa yameumana, dawa yote ikamwagikia shingoni. Niliumia sana kwamba haikupita. Baadaye daktari aliniambia kwamba kama ingepita ingeingia kwenye mapafu, na maziwa hivyo hivyo.

Tulimpakia kwenye pikipiki, Sebastiani anaendesha, mimi nyuma nimemkumbatia. Amira na Beatus wakafuata na nyingine. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimtoboa kidole, akapima, hakuna malaria. Nikamwambia apime tena. Akapima tena, hakuna. Nikaanza kugombana naye, eti kipimo chake kibovu, mimi nimezaliwa na malaria, nimelea na malaria, hanifundishi kitu. Na wakati huo mtoto anavuta pumzi moja, unasubiri, unasubiri, ndipo anavuta nyingine.

Yule dada akachukua tochi. Alimfunua Angelina macho akayamulika, kisha akageuka akamtazama Amira, aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika kandambili za mwenzake.

"Hapa hakuna polisi wala mwalimu," akamwambia kwa upole. "Nataka jina la kitu alichokula, mwenzako apate kupumua."

Amira alinitazama mimi, akatazama barabarani. Alijua baba yake ameshapigiwa simu na yuko njiani. Halafu akasema. Walikula vidonge vya maumivu, vile vikali vinavyoitwa tramado. Amira alikula kimoja. Angelina alikula vingi, akaongezea na dawa ya usingizi aliyopewa na mwenzao shuleni, kwa sababu alikuwa amekaa wiki kadhaa bila kutumia na alisema anataka kulala vizuri. Mtoto wa watu aliyasema yote hayo huku akitetemeka, na kwa maneno hayo Angelina yuko hai. Walimwekea hewa, wakamsaidia kupumua, gari la wagonjwa likamleta mjini hospitali. Kesho yake mchana alifungua macho akauliza nani anaamia ndege. Nilicheka na kulia kwa pamoja, watu wa wodini wakadhani nimechanganyikiwa.

Nikueleze na habari za Mzee Abdulswamad, maana kila mtu alisubiri aone atamfanya nini bintiye. Alifika amevaa kanzu yake ya dukani, uso umemwiva. Akasimuliwa. Akavua kofia, akaenda kukaa kwenye benchi pembeni ya Amira. Kisha akamshika kichwa akakilaza begani kwake. Siku iliyofuata alileta uji wa Angelina hospitalini yeye mwenyewe. Nilimtazama mzee yule na kikombe chake nikakuwaza wewe, mdogo wangu, na moyo uliniuma, siwezi kukuficha.

Angelina amenieleza alivyoanza. Ni tumbo lake la kila mwezi. Mimi nilikuwa namwambia avumilie kama wanawake wote walivyovumilia, anywe maji ya moto. Akiwa kidato cha pili rafiki mmoja akampa kidonge, maumivu yakaisha, na si maumivu tu, hata hofu ya mtihani ikaisha, hata upweke wa ile nyumba yenye kufuli ukaisha. Akaendelea. Darasani kwao si yeye peke yake, wako wengi, wavulana na wasichana, na vidonge vina majina yao ambayo sitaki kuyaandika hapa. Hawajioni kama watumiaji wa dawa za kulevya. Kwao dawa za kulevya ni unga wa watu wa mjini Dar. Hivi ni vidonge tu, vina kopo, vina maandishi, vinauzwa dirishani.

Na wameviona wapi kwanza? Hapa usikunje uso. Wameviona kwetu shambani. Vibarua wote wa mavuno wanavimeza asubuhi kama chai, wanaviita dawa ya mgongo. Beatus alikuwa navyo mfukoni siku ile ile aliyombeba Angelina, amevitupa mtoni mbele yangu. Na wewe mwaka ule ulipokuja likizo kutusaidia kuvuna, ulivimeza mbele ya mwanao, ukamtania kwamba baba amepata mgongo mpya dukani. Tulicheka wote. Sikukumbushi ili nikuumize. Nakukumbusha kwa sababu uliposema humtambui, nilijiuliza humtambui kwa lipi, wakati alichomeza ndicho ulichomeza.

Sasa sikiliza alichosema daktari, maana hili ndilo linaninyima raha. Anasema hatari haijapita, huenda sasa ndiyo imekuwa kubwa zaidi. Mwili wake umepumzika. Akirudia kipimo kile alichozoea zamani, mwili hautakiweza, na safari nyingine huenda asipate wa kumwona mapema. Anasema pia wanaorudia kwa wepesi ni wale wanaoachwa na aibu yao peke yao. Kila wiki nampeleka kwa mshauri pale hospitali, anaongea naye faragha, akitoka uso wake unakuwa mwepesi kidogo. Nyumba ya Mlabani hatutaiacha tena na kufuli, mimi nabaki naye, Sebastiani atakwenda shamba na ndugu zake. Majirani nimewaambia, mkimwona mtoto wa mtu anakoroma vibaya na haamki, msimnyweshe kitu, mlazeni ubavu na mkimbie naye. Wengine wananiona nimejiaibisha kwa kusema hadharani. Waseme tu.

Hayo naweza. Kuna moja siwezi. Mkuu wa shule yake ni mama mwenye huruma lakini ana sheria zake. Bodi itakaa shule zikifunguliwa mwezi wa saba, na baadhi ya wajumbe wanataka Angelina na Amira wafukuzwe ili wengine waogope. Mkuu ameniambia waziwazi, mzazi akija mwenyewe, akakaa na mtoto mbele ya bodi, akakubali kwamba wataendelea na mshauri, yeye atasimama upande wao. Mzee Abdulswamad ameshasema atakwenda. Mimi nilijitolea kwenda kwa niaba yako. Mama yule akanishika mkono akasema shangazi ni mtu mkubwa, lakini wajumbe watauliza baba yuko wapi, na mtoto atakuwa amekaa pale anasikia jibu.

Hilo ndilo ninalokuomba. Wifi hawezi kusafiri na mtoto mchanga, hilo tunalielewa. Wewe njoo. Najua kazi zako za umeme, najua Bukoba hadi Ifakara si karibu. Usije na fimbo wala hotuba. Akifukuzwa shule atakaa nyumbani kutwa na mawazo yake, na yeye ameshajua mahali ambapo mawazo yananyamazishwa. Naogopa, Polikarpo. Tangu mama afariki sijaogopa hivi.

Najua nawe una uchungu. Ulimleta kwangu asome vizuri, ukawaambia wenzako kazini kwamba binti yako atakuwa daktari. Ukaona kama amekutupia matope. Lia, mdogo wangu, hata mimi nimelia. Lakini kwa nini ulie huku umempa kisogo, na mtoto yuko hai?

Mvulana wa basi atakayeleta bahasha hii anaitwa Wendelin, mpe maji ya kunywa. Wifi Aikande asipigwe maneno kwa sababu yangu, hajui kama nimekuandikia. Nibusie Emanuel mashavu yote mawili. Sebastiani anakusalimu sana, anasema chumba chako kimefagiliwa. Dada Febronia wa Mngeta anakusalimu na wanawe wote. Beatus anakusalimu kwa adabu. Mzee Abdulswamad anasema ukifika upite dukani kwake kwanza, mtakunywa kahawa muende shule pamoja. Mungu wa wazazi wetu akulinde njiani na akuweke moyo laini.

Angelina nilimwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Akasema, "Shangazi, mwandikie baba shikamoo." Nikamwuliza, na nini tena? Akasema hiyo tu. Nami nimeiandika kama ilivyo, lakini marahaba siwezi kumpa mimi.

Wako akupendaye hata unapomkatia simu,
dada yako,
Yosefina