Ndege wa Mishono ya Kushoto

4 Desemba

Dada mpendwa,

Nakusalimu kwanza, maana nikianza na lililonileta utasema nimesahau adabu. Hujambo? Mgongo je? Zile mashine za kufulia za hoteli yenu bado zinakutetemesha mpaka meno? Sisi huku wazima. Wifi yako anakusalimu. Gauni ulilomletea limembana, lakini amekataa nilipanue. Mara ya mwisho nilipompanulia nguo alitoka nje kama amevaa hema, na hajasahau.

Sasa kaa chini, maana kuna jambo.

Jana ilikuwa Jumapili ya kuvisha mti kwa mama, na wewe pekee ndiye hukuwepo. Tuliutoa uvunguni ule mti wa nyaya aliousuka marehemu baba, nikaufunga upya vitambaa vya kijani vilivyobaki dukani. Tukatundika nyota za makopo na minyororo ya kalenda kuukuu, kila mtu akaweka pambo lake jipya. Langu ni mpira wa vifungo. Wifi yako aliuangalia akauliza kama ugonjwa huo una dawa. Tukapiga kura za nani atamshonea nani zawadi kwa siri, kama kawaida, na kama kawaida niliwakumbusha kwamba siku ya kubahatisha nani kashona nini, mimi sijawahi kukosea tangu nizaliwe. Walizomea wote.

Kisha mama akatoa ndege wake wa mwaka huu.

Dada, ndege wa mama nawajua. Wako arobaini na tatu mtini, na kila mmoja mishono yake imeinama kulia, kama watu wanaotembea upepo ukiwapiga mgongoni. Huyu wa jana mishono imeinama kushoto. Yote! Tena mikubwa, kama ya mtu anayejifunza. Nilimgeuza mara tatu. Mama akaninyang'anya: "Unamkagua ndege au unamtundika?"

Kazi ile ni ya mtu anayetumia mkono wa kushoto. Na nyumbani mwa mama yumo mmoja tu: Mwalimu, yule mama wa shule ya chekechea aliyepanga chumba cha nyuma tangu mwezi wa tano. Nimemwona kwa macho yangu akikata karatasi za mnyororo, mkasi mkono wa kushoto.

Kwa nini mpangaji amshonee mama ndege wake, na mama akubali kusema ni wa kwake? Mama, ambaye aliwahi kumnyima baba kiti kwa sababu zawadi yake ilikuwa ya dukani! Mimi nimeanza kunusa kitu. Wewe hujasikia lolote?

Ni mimi mdogo wako,
Kastabini

9 Desemba

Kastabini wangu, kichwa kigumu ndani tupu,

Barua yako nimeipata, nimecheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kama nimebanwa na mashine. Mgongo upo, haujanitoroka. Hali ya hewa huku ni ya kukaa karibu na pasi. Msalimie wifi, mwambie nitamletea jingine kubwa zaidi, na asikuonyeshe mpaka alivae.

Hilo la ndege, mdogo wangu, liache. Mama ni mtu mzima. Akishona kushoto, akishona kulia, akishona kwa meno, ndege ni ndege. Na Mwalimu ni mtu mwema, nijuavyo.

Shona nguo za watu, Krismasi inakuja na najua wanakudai. Mwache mama apumue.

Dada yako

16 Desemba

Dada,

Natumai u mzima. Mimi si mgonjwa, ila sina raha, na sehemu ya kutokuwa na raha kwangu ni wewe.

Barua yako ilikuwa nusu ukurasa. Wewe! Mtu aliyewahi kuniandikia kurasa nne kuhusu sabuni! Halafu umeandika "nijuavyo". Unamjua Mwalimu tangu lini? Alipoingia nyumba ile wewe ulikuwa umeshaondoka mwaka mzima. Nimeisoma ile barua mara tatu, kisha nikaishika juu ya taa, sijui nilitegemea kuona nini.

Nisikilize sasa. Jumatano nilikwenda kumwona mama. Akanimiminia chai, akanipa kikombe kwa mkono wa kushoto. Mama huyu huyu aliyenichapa nikiwa na miaka sita kwa kupokea mkate kwa kushoto mbele ya wageni! Mkono wa kulia alikuwa ameufunika kwa mtandio, kama kashika kitu hataki nikione. Nikamuuliza, "Mama, nimekukosea nini?" Akasema, "Bado, lakini siku haijaisha." Mwalimu akacheka huko jikoni. Jikoni kwa mama, dada. Anajua hata chumvi inakaa wapi.

Kisha wifi yako akaniambia kwamba wale wawili hutoka kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, wamebeba mkoba. Nikamuuliza mama. Eti wanakwenda mazoezi ya kwaya. Mama, ambaye padri mwenyewe alimwomba aimbe moyoni!

Jana Ijumaa nikafunga duka nikawafuata. Usicheke. Niliinamisha kofia, nikatembea upande wa pili wa barabara, wakisimama nasimama, nikajibanza nyuma ya meza ya muuza ndala. Mambo yalikwenda vizuri mpaka yule dereva wa lori, mteja wangu, akanipigia kelele kutoka ng'ambo: "Fundi! Kumbe ndiko unakojificha! Suruali yangu iko wapi?" Nikachuchumaa kama mtu anayechagua ndala. Kwa hiyo nimenunua ndala, na zote mbili ni za mguu mmoja.

Lakini niliona walipoingia. Ni lile jengo la ghorofa karibu na posta. Mlangoni pana vibao vitatu: wakili ghorofa ya pili, picha za pasipoti ghorofa ya kwanza, mazoezi ya viungo chini uani. Mama yetu anasafiri kwenda wapi mpaka ahitaji pasipoti? Na viungo vyake ni vizima, ananipita kutembea. Amebaki wakili. Walikaa saa nzima. Walipotoka mama alikuwa amechoka, amemwegemea Mwalimu, na Mwalimu anampigapiga mgongoni akisema, "Leo umejitahidi sana." Kujitahidi kufanya nini kwa wakili, kama si kuweka sahihi?

Anaitaka nyumba. Kwanza kamshonea ndege, kisha kaingia jikoni, sasa yuko kwenye hati. Na mama anatoa tu, kwa mkono wa kushoto, kama karogwa.

Inaniuma kwa sababu hakuwa na haja. Mwaka jana, ulipokuja likizo ya Krismasi na chungu cha maharage kikaungua, ni mimi niliyesimama mbele ya watu wote nikasema mama asiogope, siku mkono wake utakaposhindwa kazi tutaifunga nyumba ile na atakuja kukaa kwangu. Nina vyumba viwili na cherehani tatu, tutabanana. Mtoto gani mwingine angesema vile?

Nimeshaandika notisi. Jumatatu mama akienda kanisani naisukuma chini ya mlango wa chumba cha nyuma. Mwalimu atafute pengine kabla ya mwaka mpya. Kama unalo la kuniambia, niambie.

Mdogo wako

20 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu nitakupa mwishoni. Kama hujampa Mwalimu ile karatasi, ichane. Kama umeshampa, soma mpaka mwisho kisha uvae viatu.

Yule ndege kashona mama.

Kashona mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, wiki tano, kwa sababu wa kulia haushiki sindano. Unakumbuka mwezi wa nane ulipoambiwa mama ana mafua makali, usije ukaambukizwa, na Mwalimu akakuzuia mlangoni? Kilikuwa kiharusi. Kidogo, mdomo haukupinda, lakini mkono uliinama kama kitambaa kilicholowa. Mwalimu ndiye aliyemwokota sakafuni, na ndiye aliyempeleka hospitali. Ndiye anayemwosha nywele na kumfunga vifungo. Ndiye aliyeniandikia mimi, mama akimwambia la kuandika, na mstari wa kwanza ulikuwa: Kastabini asijue. Nimeapishwa, na leo nimevunja kiapo cha mama yangu kwa ajili yako. Sijui atanisamehe.

Na jengo la karibu na posta: kibao cha tatu. Uliona vibao vitatu, ukafuta viwili, ukakosea. Fundi mzima!

Utauliza kwa nini usijue wewe unayekaa mitaa minne tu kutoka kwake. Rudi kwenye barua yako mwenyewe. Ulichokisema mwaka jana wewe unakikumbuka kama wema, mama anakikumbuka kama hukumu. Ulisema siku mkono utakaposhindwa, nyumba itafungwa. Mbele ya watu wote. Mimi nilimwona usoni, wewe ulikuwa unajimiminia chai. Tangu mwezi wa nane anaogopa kitu kimoja tu, si kufa, ni wewe kuja na kufuli. Anasema, "Mwanangu anajua kusoma mishono, ataniona kabla sijapona."

Mwalimu akiondoka, mama hawezi kukaa peke yake, na nyumba imefungwa kweli. Umeifunga wewe.

Salamu sasa. U mzima? Mimi si mzima sana. Nenda.

Dada yako

30 Desemba

Dada yangu,

Nakusalimu kwa unyenyekevu, kitu ambacho hukuwahi kukiona kwenye barua zangu. Wifi yako ndiye mzima hapa. Mimi nitakueleza.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na tatu. Notisi niliitoa tarehe kumi na nane. Mwalimu aliondoka kesho yake na begi moja, akamwambia mama anakwenda kwa kaka yake kwa sikukuu. Hakumwambia zaidi, wala mimi hakuniambia neno, maana kujitetea ilikuwa lazima aiseme siri ya mama. Mama aliikuta ile karatasi kitandani. Mwandiko wangu anaujua.

Nilivaa viatu kama ulivyosema. Kaka yake ni fundi wa redio, nilimpata kwa kuuliza. Mwalimu alinisimamisha mlangoni, kama nilivyostahili. Nikasema nilikuwa nimemshuku anataka nyumba. Akasema, "Najua. Ijumaa ile nilikuona ng'ambo ya barabara, kisha nikakuona kwa muuza ndala. Nilidhani una shida ya tumbo." Nikaomba radhi. Akanitazama vile walimu wanavyowatazama watoto walioiba chaki. "Mimi nimekusikia. Lakini aliyekuwa anafukuzwa si mimi, ni mama yako. Kamwambie yeye. Nami nitafikiria."

Sikumwambia siku ile, dada. Niliogopa. Nilifika mpaka kwenye ngazi, nikakumbuka nina suruali ya dereva.

Krismasi asubuhi tukakaa kuzunguka mti. Zawadi niliyopewa ilikuwa kimto cha kuchomekea pini, kitambaa cha bluu, mishono ya kushoto, upande mmoja umefungwa vizuri na upande wa pili uko wazi, pamba zinatoka. Mwalimu ndiye aliyekuwa akimshikia kitambaa. Watu wote wakanitazama, maana mimi sikosei. Wifi yako akasema, "Haya mtaalamu, ya nani?" Mama alikuwa akiangalia dirishani.

Nikasema, "Ni ya mama. Haikwisha kwa sababu yangu."

Hakuna aliyezomea. Mama akauliza bila kugeuka, "Nani kakuambia?" Nikasema mishono. Samahani, nilikulinda, ni uongo wa kwanza nisioujutia mwaka huu. Akasema, "Mishono haikukuambia kitu mwezi mzima, leo ndiyo imepata mdomo?" Amekushuku, dada, jiandae.

Nikamwambia mbele ya watu wale wale kwamba nilisema neno baya mwaka jana. Kwamba nyumba haifungwi na mtu yeyote. Akajibu, "Nani alikuambia ilikuwa yako kuifunga?" Kisha akaomba chai. Nilimpa kwa mikono miwili, akapokea kwa kushoto.

Tangu siku ile nakwenda kwake kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Namfunga vifungo. Mimi ninayeshona vifungo ishirini na viwili vya watu kwa siku, hivi vinanishinda. Jana Ijumaa nilimpeleka mazoezi. Wanamminyisha mpira, wanamhesabia, na akifika kumi anatukana kidogo. Njia nzima alikuwa akiniangalia kwa pembeni. Mwishoni akauliza, "Umetumwa na nani? Unataka nini?" Nikasema sitaki kitu. Akasema, "Ndivyo wanavyosema wote." Sina la kumlaumu, nimemfundisha mwenyewe.

Jana hiyo hiyo nilikuja na godoro. Nikasema, mama, mpaka Mwalimu atakapoamua, nitakaa chumba cha nyuma ili usibaki peke yako. Akanyanyuka, akatangulia mpaka kule uani. Nilidhani ananifungulia. Chumba kimefagiliwa, shuka mpya kitandani, na mezani mkasi wa Mwalimu na karatasi za rangi vimepangwa kama alivyoviacha.

"Wewe utalala sebuleni," akasema. "Humu mna mwenyewe."

Akavuta mlango, akatoa ufunguo kwenye mtandio, akaushika kwa mkono wa kulia. Ulimponyoka, akauokota. Alilitafuta tundu, ukateleza, akalitafuta tena. Ilichukua muda mrefu sana, dada. Nilisimama na godoro langu kichwani, na sikumsaidia.

Mdogo wako