Ute wa Kambare kwenye Sitaha

Jumamosi, 14 Juni. Miaka thelathini na minane tangu niondoke kwetu Ukerewe kuja kuvua huku, na leo mke wangu Namkunda, mzaliwa wa milimani, ndiye aliyenifundisha jambo kuhusu mashua.

Wiki iliyopita Namkunda aliteleza kwenye sitaha, akaumia kiwiko. Akaapa hapandi tena hadi niipake kitu kisichoteleza. Bila yeye sina wa kushika usukani nikivuta nyavu. Na kwa umri wetu mfupa hauungi haraka, hilo linanitisha.

Nilipaka vibao vitatu: rangi tupu, rangi yenye mchanga laini, na rangi yenye mchanga mkali wa korongoni. Siku mbili navimwagia maji na kuvikanyaga. Hakuna kilichoteleza, hata cha rangi tupu.

"Mzee wa Ukerewe, kwani mimi niliangushwa na maji?"

Akaleta kambare, akavipaka vibao ute wake, akavua kandambili. Cha kwanza kilimtupa mikononi mwangu. Cha tatu kilimshika, lakini alipopiga magoti, kama afanyavyo akichambua samaki, akaruka. "Hiki kakwangulie mihogo!" Kwenye cha pili alisimama, akapiga magoti, hata akacheza kidogo.

Basi, mchanga laini.

Imebaki kuchagua rangi. Ya kawaida hudumu msimu mmoja. Ile ya kuchanganya makopo mawili, rangi na dawa ya kuigandisha, miaka mingi. Kila mara nilichukua ya msimu, nikijiambia mwakani narudi kwetu.

Jumatatu naagiza Moshi ile ya makopo mawili. Ukerewe sirudi.