Printa Inasema Ina Kazi

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Kompyuta imejifanyia apdeti nilipokuwa nafua. Sikuiomba. Sura mpya, rangi mpya, kila kitu kimehamishwa — kama nyumba iliyopangwa na mawifi. Printa ya picha haitoi. Taa ya kijani inawaka, inanitazama tu.

Picha za Rania bado. Kumi na mbili, za siku ya kutolewa nje, bibi harusi akionyeshwa, kichwa wazi, asumini mpaka kiunoni. Wanawake peke yao siku ile, simu zimekusanywa mlangoni, kamera ni yangu tu. Bibi yake, Bi Mwanamkisi, yuko kitandani Faza, hakuweza kuja. Mamake Rania, Bi Mwana, atampelekea kwa boti ya Jumamosi. Anasema bibi hana siku nyingi. Alisema bila kulia, huku akichagua albamu.

Jumanne, 4 Novemba
Nimezituma picha kwenye printa mara tatu, mara nne. Kimya. Nimezima, nimewasha, nimechomoa waya, nimeupuliza. Amal, mpwa wangu aliye Mombasa, anasema draiva ya zamani, ile programu ya kuiendesha printa, haielewani na mfumo mpya — niifute printa, niiweke upya. Nimejaribu. Haifutiki. Ati ina kazi. Kazi gani! Tangu jana haijafanya hata moja.

Jumatano, 5 Novemba
Bi Mwana amepita. Nikamwambia studio za mtaa wa Langoni zote za wanaume, labda nizitume kwa Amal kwa simu. Hakuniacha nimalize.

"Simu haina mlango, mwanangu. Mato mangapi yataziona ndiani?"

Kweli, macho ya njiani hayahesabiki. Wapiga picha wako tele mji huu. Wanawake huja kwangu kwa sababu ya swali moja, kila wakija kuchukua picha zao: "Nani meziona?" Nami hujibu: mimi na Mola wangu. Miaka tisa sasa.

Alhamisi, 6 Novemba
Draiva mpya nimeipata mtandaoni. Haikubali. Kisha mtandao ukakatika. Nimelala mchana.

Ijumaa, 7 Novemba
Boti ni kesho asubuhi. Nimemwita Hudson, fundi wa kompyuta. Mtu wa bara, mpole, huvua viatu bila kuambiwa. Kabla hajaja nimehamisha picha zote kwenye flashi, flashi nikaitia kifuani. Za kwenye kompyuta nimezifuta, na pipa lake la taka nikalimwaga. Nikajiona mjanja.

Amekuja baada ya swala. Mlango nimeuacha wazi kwa adabu. Akasema ni draiva tu, madam, dakika kumi. Zikawa arubaini. Nikaenda jikoni kumtilia chai, nikasikia printa inavuta karatasi — Alhamdulillahi! Nimeisema kwa sauti. Ikavuta ya pili. Ya tatu.

Karatasi ya majaribio ni moja.

Zilikuwa zile nilizozituma Jumanne. Muda wote zilikuwa humo ndani zikingoja zamu. Printa ilisema kweli, ina kazi, mimi nikaicheka.

Nilipofika Hudson ameishika ya kwanza kwa ncha za vidole, wino usichafuke. Rania, kichwa wazi, anacheka.

"Rangi imetoka poa, madam."

Kisha akaona uso wangu. Akailaza kifudifudi, akageukia ukuta, akaomba msamaha hukohuko ukutani. Maskini! Hakukosa yeye. Nimekosa mimi. Naona haya. Printa ikaendelea, nami sikuizima. Zilikuwa nzuri.

Hudson ameondoka. Chai hakuinywa. Picha zimekauka, kumi na mbili nimezifunga kwenye leso, zilizozidi nimezichana. Ningeweza kuzichana hizi pia nitoe nyingine, flashi ninayo. Zitatoka zilezile, na aliyeziona ameziona. Nikimwambia Bi Mwana, hazipandi boti, na bibi hatamwona mjukuu wake. Wala hakuna atakayekuja kwangu tena. Nisipomwambia, Hudson hatasema. Nina hakika hatasema.

Hodi. Ni Bi Mwana, namjua kwa kubisha kwake. Amekuja mapema. Yuko ngazini, anahema, ananiita mwanangu. Swali lake nalijua. Na yeye jibu langu analijua.