Ukurasa Tuliokuwa Tuusome Wawili

Mzee wangu mpendwa,

Kuanzia Fort Worth hadi Houston hakuna watu waliojua kuigiza kama sisi wawili, na wewe ulikuwa wa pili. Nakuandikia kwa Kiswahili, utanisamehe.

Unakumbuka asubuhi zetu pale Mansfield, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi? Mimi nakunyoa, wewe unanihesabia vifo vyako. Miaka hamsini kwenye filamu: sherifu, mlevi, padri. Unafungua mlango, unasema maneno matatu, unapigwa risasi. "Hakuna aliyebaki kunililia, Mjomba," ulisema. "Kamera ilimfuata mwingine." Wauguzi waliniita Mjomba, nawe ukaniita hivyo hivyo, japo ungeweza kunizaa.

Nami sikukubali kushindwa. Nikakupa habari za kwetu Uvira, nilivyoigiza Farao kanisani hadi waumini wa viti vya mbele wakakimbilia nje, na mama mmoja akajifungua palepale mlangoni, mtoto wakamwita Farao. Ulicheka mpaka povu la sabuni likakuingia mdomoni.

Ndiyo maana watu wa filamu wa Houston walipokutumia ule ukurasa, ulinichagua mimi. Baba anazungumza na mwanawe, ukurasa mzima, na baba hafi. Ulitakiwa ujirekodi kwa simu na kuwatumia kabla ya Ijumaa kuisha, wakupime. "Wewe nisomee maneno ya mwana," ulisema kwa furaha.

Jumatatu nikasema nimesahau miwani nyumbani Grand Prairie. Jumanne ikawa imebaki garini. Jumatano ukaniambia taratibu, "Mjomba, miwani iko kichwani kwako." Nikasema naitwa chumba cha pili. Hakuna aliyeniita.

Alhamisi nilisimama nje ya mlango wako na mashuka mkononi. Ulikuwa unasoma peke yako. Unasema maneno ya baba, halafu unanyamaza, unampa mwana nafasi yake ya kujibu. Kimya kile nilikisikia chote, mzee. Sikuingia. Ijumaa ukaukunja ukurasa ukautia kwenye droo, wala hukunilaumu. Hazikupita wiki tatu ukaondoka.

Siku ya mazishi binti yako alinipa ukurasa huo, akasema ulikuwa unanisifu kwake kuwa mimi ni mwigizaji mkubwa. Sikujua pa kuangalia. Jumapili nikamwomba mtoto wa dada yangu anisomee. Mara mbili tu, nikawa nimeyashika maneno yote, kama nilivyoshika ya Farao kwa kusomewa na katekista, kitabu kikiwa kimoja tu. Wewe mwenyewe ungenisomea, dakika kumi, tungekuwa tumemaliza. Sasa nikiwa njiani kwenda kazini namjibu baba kwa sauti, peke yangu garini, na hakuna anayeanza.

Pumzika, mzee. Miwani ile ni vioo vitupu, niliinunua nionekane msomi. Kiingereza nakiongea, kukisoma sijui.

Mjomba wako, aliyekunyoa ndevu