Tik Juu ya Jina Langu

Jumatatu, 6 Machi 2006
Kuku wamepata maji. Sukuma wiki pia, ile kidogo imebaki. Ukame huu umetumaliza Kitengela.
Mutua, ndugu yangu wa Kajiado mjini, ameleta kaseti ya baba. Krismasi ya 1994, baba anaomba akitaja kila mtu wa nyumba kwa jina. Hakuna sauti yake nyingine popote. Utepe umechakaa, mahali pamoja umeungwa na selotepu. Jumamosi ya tarehe 18 tunaweka msalaba kaburini, mwaka mmoja tangu atuache. Mama anataka kusikia sauti hiyo. Kazi yangu ni kuiingiza kwa kompyuta kabla utepe haujakatika. Rahisi tu.

Jumanne, 7 Machi
Rahisi, wapi!
Nimecheza kaseti mara moja, nikarekodi. Kuna mvumo, kama nyuki ndani ya debe. Juu ya mvumo, tik. Tik. Tik. Kila sekunde. Halafu redio kaseti ikatafuna utepe karibu na mwisho. Nimeutoa polepole kwa ncha ya kalamu. Utavumilia kuchezwa mara moja tena, si zaidi. Sigusi tena mpaka kelele iishe.
Baba anasema Mutua. Anasema Ndunge, dada yetu. Akifika Wavinya, tik. Jina langu mimi! Nimekasirika hadi chapati zikaungua.

Alhamisi, 9 Machi
Sasa najaribu na kaseti ya kwaya ya kanisa. Hiyo ikikatika hakuna wa kulia.
Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, niliweka mwenyewe, baada ya virusi kula barua zote ninazochapia watu. Mutua anacheka, ati si nirudi kwa ile ya kila mtu. Sirudi ng'o. Leo nimefungua alsamixer, ile programu yenye vidhibiti vya sauti vimesimama mstari. Kumbe njia ya maikrofoni ilikuwa wazi, imepandishwa hadi juu, na hata sina maikrofoni! Nimeifunga. Nyuki wote kimya. Nimejipigia makofi.
Tik iko.

Ijumaa, 10 Machi
Nimezima kila programu inayofanya kitu kila sekunde, hata saa ya kwa skrini. Tik. Nimehamisha kadi ya sauti hadi tundu la mbali. Tik. Waya mpya. Tik. Kwa skrini inaonekana miiba, imepangwa sawasawa, utadhani mtu alipima na rula.
Nimeitukana kompyuta. Kwa Kikamba, ndiyo iingie vizuri.

Jumapili, 12 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu sekunde.
Nikirudi nimekutana na Baba Nashipae, jirani, na ng'ombe wake. Mbavu nje zote. Hao ng'ombe ndio walimaliza sukuma yangu nikaweka fensi ya stima, Januari mwaka jana. Amenisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya." Nikajibu, "Iko," nikapita. Siwezi kujifanya. Baba alipokufa tulitangaza kwa redio siku tatu mfululizo. Watu walitoka hadi Embulbul wakaja Machakos kumzika. Yeye tunapakana, na hakutuma hata neno. Bado inaniuma.

Jumatatu, 13 Machi
Sijui nianzie wapi.
Asubuhi nilikuwa narekodi kwaya, mlango wazi. Baba Nashipae akabisha, anaomba maji ya ndama. Akasikia spika. Akasimama pale pale. "Mama, hiyo ndiyo hupiga kwa redio yangu."
Akatoa redio ndogo kwa shuka. Tukatembea nayo. Karibu na fensi, tik kubwa. Tukienda mbali, inapungua. Nikazima fensi. Redio yake ikaongea vizuri. Nikakimbia ndani kama mwendawazimu. Kwaya inaimba, safi kabisa.
Wiki nzima nimefungua kompyuta matumbo, na mwizi ni fensi yangu.
Nikarudi nje nikicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, bila hasira, kwamba tangu niweke waya hasikii matangazo ya vifo akiwa kwake. "Ya baba yako yalinipita. Niliambiwa mwezi umeisha. Nikakuja mara mbili, hukufungua geti."
Ni kweli. Nilimwona kwa dirisha, mara zote mbili.
Nikamuuliza mbona hakusema kuhusu redio. Akasema ningedhani anataka nitoe fensi.
Nimempa maji ya ndama na chai. Nimeona aibu sana leo.

Jumanne, 14 Machi
Fensi imezimwa. Nimesafisha kichwa cha redio kaseti na spiriti, nikabonyeza kurekodi. Dakika kumi na moja. Utepe umekatika pale kwa selotepu, lakini ni baada ya Amina.
Nilifungua spika mwishoni tu; hayo mengine sijasikiliza. Nitasikiliza na mama.

Jumatano, 15 Machi
Ningeweza kuachia hapo. Lakini nikiwasha fensi tena, redio ya mwenzangu?
Kosa ni langu, si la fundi aliyeweka fensi. Alisema fensi inataka chuma chake cha kupigiliwa ardhini, mbali na nyumba, mahali penye unyevu. Mimi nikasema chini ni mwamba, funga tu kwa kile cha stima ya nyumba. Kwa hivyo kila pigo la fensi lilikuwa linarudi kwa kompyuta kupitia nyaya za nyumba, na kuruka hewani hadi redio yake.
Leo tumetafuta unyevu. Kwangu pote ni vumbi. Baba Nashipae akaonyesha mahali penye unyevu, chini ya mti ng'ombe wake hupenda kulala. Ni upande wake. Watu huku wanashtakiana kwa hatua moja ya shamba, na yeye akaniambia, "Piga chuma hapa." Akakishika mwenyewe nikipiga nyundo. Fundi akaunganisha waya jioni.

Jumapili, 19 Machi
Tumerudi jana kutoka Machakos. Msalaba umesimama vizuri. Baba Nashipae alikuja, akaketi na wanaume wetu. Kwa spika, baba yetu alisema Mutua, akasema Ndunge, akasema Wavinya. Mama alinishika mkono. Nililia bila kujificha.
Sasa ni saa moja jioni. Fensi inafanya kazi. Baba Nashipae ameketi juu ya jiwe upande wake, redio sikioni, wanasoma majina ya waliofariki. Nimeenda na kiti changu hadi kwa waya. Ameongeza sauti kidogo ili na mimi nisikie.